Usizime Ruta Kabla Hujaihoji

Mtu anaponieleza kwamba mtandao wa nyumbani kwake unakatika, swali la kwanza ninalomuuliza halihusu kampuni anayotumia wala bei ya kifurushi chake. Namuuliza hivi: unakatika kwa nani? Je, kompyuta zote ndani ya nyumba hupoteza mtandao kwa wakati mmoja, au ni moja tu, na hiyo moja ni ile ile kila siku? Wengi hawawezi kujibu, kwa sababu mara mtandao unapokatika, wa kwanza kukasirika huinuka, akachomoa ruta, kile kifaa kinachogawa mtandao nyumbani, kwenye umeme, akasubiri kidogo, kisha akairudisha. Mtandao unarudi, watu wanaendelea na shughuli zao, na chanzo kinabaki palepale hadi jioni inayofuata.

Nina sababu ya kulipinga zoea hili. Kuzima na kuwasha ruta hugusa mambo mengi kwa mpigo mmoja: ruta husahau ni anwani zipi, yaani namba za kutambulisha kila kifaa, ilizigawa kwa nani, hufuta kumbukumbu ya mawasiliano yote yaliyokuwa yakipita ndani yake, hulazimisha kila kifaa kujiunga upya na Wi-Fi, pengine huchagua chaneli nyingine ya mawimbi, na huomba upya njia kwa mtoa huduma. Mtandao ukirudi baada ya hapo, huwezi kujua ni lipi kati ya hayo lililokuwa na hitilafu, na kile ambacho kingekuonyesha kimeshafutika. Ndiyo maana nasisitiza kwamba ruta ihojiwe kwanza ikiwa bado iko katika hali yake ya kuumwa.

Ninaandika haya nikiwa na nyumba moja akilini, nyumba ya shangazi yangu huku Ngamiani, Tanga. Mbele ya nyumba kuna steshenari yenye kompyuta tatu za mezani na printa; ndani kuna kompyuta mpakato mbili, runinga, na simu za wote wanaoishi pale. Vyote hivyo vinategemea ruta moja iliyowekwa ukutani karibu na kaunta. Vijana huja pale kujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu, kuchapa wasifu wao, kutuma maombi ya kazi siku ya mwisho ya kupokelewa. Kijana aliyepanda daladala kutoka Pongwe, akajaza fomu ndefu, kisha mtandao ukakatika kabla hajaiwasilisha, hupoteza muda, nauli na wakati mwingine nafasi yenyewe. Kwa hiyo sikubaliani na wanaoliona suala hili kuwa usumbufu mdogo wa kuvumiliwa.

Shangazi alikuwa ameshafikia hukumu. “Mwanangu, hawa watu wa mtandao wanachukua hela yetu bure,” aliniambia. Nilimjibu, “Shangazi, huenda ni wao, lakini tusiwapigie simu kabla hatujaikagua njia yote, tangu kompyuta yako mpaka kwao.”

Njia hiyo ina vipande, na kila kipande kinaweza kupimwa peke yake. Kipande cha kwanza ni kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye ruta. Cha pili ni kutoka kwenye ruta hadi kwa mtoa huduma na duniani huko nje. Cha tatu ni huduma ya DNS, ambayo kazi yake ni kubadili jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Chombo cha kuvipima kimo ndani ya kila kompyuta, nacho ni programu ndogo ya ping, inayotuma ujumbe mfupi na kupima muda wa jibu kurudi, iliyoandikwa na Mmarekani Mike Muuss mwezi Desemba 1983 na ambayo mpaka leo sijaona cha kuishinda kwa kazi hii. Katika Windows, fungua lile dirisha jeusi la amri kwa kuandika cmd, kisha andika ping -t 192.168.1.1, ukiweka mahali pa namba hiyo anwani ya ruta yako mwenyewe, ambayo utaiona ukiandika ipconfig na kutazama mstari wa Default Gateway. Fungua dirisha la pili uandike ping -t 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google iliyo nje kabisa ya nyumba yako. Acha madirisha yote mawili yakimbie huku kazi za kawaida zikiendelea, na usubiri mtandao ukatike wenyewe.

Matokeo yake yanasomeka bila utaalamu mkubwa. Ikiwa dirisha la ruta linaendelea kujibu bila tatizo ilhali lile la 8.8.8.8 limenyamaza, basi nyumba yako ni nzima na kasoro iko baada ya ruta. Ikiwa yote mawili yamenyamaza, kasoro iko ndani ya nyumba, na hakuna mtoa huduma atakayeiondoa akiwa ofisini kwake. Ikiwa yote mawili yanajibu vizuri lakini kurasa hazifunguki, tazama DNS. Na ikiwa majibu yanakuja lakini muda wake umepanda kutoka makumi ya milisekunde hadi elfu moja au zaidi, hapo mtandao haujakatika hata kidogo. Umesongwa, na hilo lina tiba yake nitakayoieleza.

Jambo ambalo watu huliacha, na ambalo kwangu ndilo lenye thamani kuliko yote, ni kufanya kipimo hiki kwenye kompyuta mbili kwa wakati mmoja, moja ikiwa imeunganishwa kwa waya na nyingine kwa Wi-Fi. Nyumba yenye kompyuta moja haina cha kulinganisha. Nyumba yenye kompyuta nyingi, ambayo ndiyo inayosumbuka zaidi, ndiyo pia yenye mashahidi wengi, na ni hasara kuwa na mashahidi hao bila kuwauliza.

Tulipofanya hivyo pale dukani, ilibainika kwamba kilichokuwa kikiitwa “mtandao kukatika” kilikuwa matatizo mawili yasiyohusiana. La kwanza lilikuwa la kompyuta moja tu, ile ya karibu na mlango, ambayo ilikuwa ikipoteza hata jibu la ruta huku jirani zake mbili zikiendelea bila shida. Kompyuta hiyo ilinunuliwa ikiwa imetumika katika ofisi fulani, na mipangilio ya ofisi hiyo ilibaki ndani yake: ilikuwa imepangiwa anwani ya IP ya kudumu, 192.168.1.20, badala ya kuomba anwani kwa ruta kama wenzake.

Hapa inafaa kueleza utaratibu wenyewe, maana ndio chanzo cha vituko vingi katika nyumba zenye vifaa vingi. Anwani zinazoanza na 192.168 ni miongoni mwa zile zilizotengwa kwa mitandao ya ndani, kwa waraka wa kanuni za intaneti wa mwaka 1996 ujulikanao kama RFC 1918, na ruta ya kawaida ya nyumbani ina nafasi ya anwani 254 za aina hiyo. Kifaa kipya kinapojiunga, ruta hukipa anwani kwa muda, mara nyingi kwa saa 24, kupitia utaratibu uitwao DHCP. Ruta nyingi huuliza kwanza kama anwani inatumika kabla ya kuitoa. Lakini kompyuta iliyozimwa haijibu. Duka lilipofungwa usiku, ile kompyuta ya mlangoni ilikuwa kimya. Simu ya mmoja wa waliomo ndani ikaomba anwani, ruta ikaona namba 20 iko wazi, ikaitoa. Asubuhi kompyuta iliwashwa ikiwa bado inajiita namba 20, na kuanzia hapo vifaa viwili vikawa na jina moja katika nyumba moja. Ujumbe uliokusudiwa kimoja ulifika kwa kingine, kisha ukarudi kwa cha kwanza, na kila mmoja aliyekuwa akitumia alisema mtandao unakuja na kuondoka. Simu ilipotoka nje na mwenyewe, kompyuta ilipona bila kuguswa na mtu, na jambo hilo ndilo lililowachanganya mafundi waliopita kabla.

Tiba yake haikugharimu chochote. Kompyuta iliwekwa iombe anwani yenyewe kama nyingine. Printa, ambayo kwa kweli inahitaji anwani isiyobadilika ili kompyuta zote ziikute palepale, tuliitengea anwani ndani ya ruta kwa kutumia anwani yake ya MAC, namba ya utambulisho ambayo kifaa hutoka nayo kiwandani, na huo ndio utaratibu ninaoupendekeza daima: anwani ya kudumu igawiwe na ruta, isiandikwe kwa mkono kwenye kifaa. Ukiona kompyuta yako ina anwani inayoanza na 169.254, fahamu kwamba haikupata jibu lolote la DHCP, au imegundua anwani yake inatumiwa na mwingine, ikajipa namba ya muda ambayo haiwezi kuivusha nje ya nyumba.

Ndugu wa karibu wa tatizo hili hutokea mtu anapoongeza ruta ya pili ili Wi-Fi ifike chumba cha uani. Nimelikuta Chumbageni na Makorora pia, na kwa kadiri ninavyoona linaongezeka, kwa kuwa ruta zilizotumika zinauzwa kwa bei nafuu. Ruta ya pili ikiunganishwa kwa waya na ile ya kwanza bila kubadilishwa chochote, nyumba inakuwa na wagawaji wawili wa anwani, na mara nyingi wote wawili wanajiita 192.168.1.1. Kompyuta iliyojibiwa na ruta sahihi inafanya kazi. Iliyojibiwa na ile ya pili inatuma kila kitu mahali pasipo na njia ya kutokea. Kesho yake bahati inaweza kugeuka, na iliyokuwa nzima ikawa mbovu. Dawa ni kuingia kwenye ruta ya pili, kuizima DHCP yake, kuipa anwani nyingine kama 192.168.1.2, na kuchomeka waya kwenye tundu la kawaida la LAN, la vifaa vya ndani, si lile lililoandikwa WAN, la kuingizia mtandao kutoka nje. Hapo itabaki kueneza Wi-Fi tu na kumwachia ruta mkuu kazi ya kugawa anwani.

Tatizo la pili la dukani lilikuwa gumu zaidi kulieleza, kwa sababu hakuna kilichokuwa kimeharibika. Kila jioni kompyuta zote zilikwama pamoja, kisha zikarudi pamoja. Dirisha la ruta lilijibu kwa wepesi wake wa kawaida, ilhali lile la 8.8.8.8 lilipanda taratibu mpaka zaidi ya sekunde moja, huku baadhi ya majibu yakipotea. Saa hizo ndizo binamu yangu alipokuwa akirudi nyumbani, simu na kompyuta yake zikaanza kupakia picha na video za siku nzima kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Watu wengi hupima mtandao kwa kasi ya kupakua na kusahau kasi ya kupakia, ambayo katika huduma nyingi za nyumbani, hasa zile za laini ya simu, ni ndogo zaidi. Lakini kila unachopakua kinahitaji taarifa fupi za kurudi, zinazomwambia mtumaji kwamba sehemu iliyotangulia imefika na sasa alete nyingine. Taarifa hizo hupita kwenye njia ile ile ya kupakia, pamoja na maombi ya DNS. Yafikirie mageti ya Mkwakwani siku Coastal Union inapocheza na timu kubwa, kisha mtu mmoja afike na mkokoteni wa mizigo mbele ya geti moja: wenye tiketi tu mkononi, ambao wangepita kwa sekunde, wanasimama nyuma yake kama kila mmoja wao ana mkokoteni wake. Kupakua kunakwama, DNS inachoka kusubiri, kivinjari kinaandika kwamba hakuna mtandao, na mwenye nyumba anaamini amekatiwa.

Kinacholizidisha tatizo hili ni kumbukumbu kubwa iliyowekwa ndani ya ruta na modemu ili data isipotee. Badala ya kumwambia mtumaji apunguze mwendo, kifaa kinahifadhi foleni ndefu ambayo kila anayekuja lazima asimame mwisho wake. Mhandisi Jim Gettys aliligundua hili kwenye mtandao wa nyumbani kwake mwenyewe na akaanza kuliandikia hadharani mwishoni mwa 2010. Kazi iliyofuata ya watu kadhaa ilizaa utaratibu wa kupanga foleni kwa haki, uliochapishwa mwaka 2018 kama RFC 8290. Baadhi ya ruta za kisasa zina mpangilio wa aina hiyo chini ya jina QoS au SQM. Pima kasi yako halisi ya kupakia saa ambazo wengine hawatumii, kisha iambie ruta isivuke asilimia 85 au 90 ya kasi hiyo. Utapoteza kidogo cha kasi na utapata mtandao usiokwama, na kwa duka linalojaza fomu za watu, huo ni ubadilishanaji ninaoukubali bila kusita. Ruta isiyo na mpangilio huo inaweza kusaidiwa kwa njia rahisi zaidi: weka hifadhi ya mtandaoni na masasisho ya Windows yafanyike usiku, na uweke kikomo cha kasi ndani ya programu zenyewe. Binamu alikubali hilo bila ubishi alipoonyeshwa namba zikipanda mara tu simu yake ilipoanza kupakia.

Kuhusu Wi-Fi yenyewe, mji wetu una mambo yake. Nyumba za zamani za hapa zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na kati ya masafa mawili ya kawaida ya Wi-Fi, mawimbi ya 5 GHz hudhoofika kwenye kuta nene mapema kuliko yale ya 2.4 GHz. Kwa upande mwingine, huku Ngamiani nyumba zimebanana, na Wi-Fi za majirani zote zinagombania 2.4 GHz, ambako chaneli zipo nyingi kwa namba lakini kila moja inamega nafasi ya wenzake. Ni 1, 6 na 11 pekee zisizogusana. Ipangie ruta moja kati ya hizo tatu, ile yenye majirani wachache, badala ya kuiacha ihamehame yenyewe. Kwenye 5 GHz ningechagua chaneli 36 hadi 48, kwa kuwa zile za kuanzia 52 hadi 144 zinatumika pia na rada, na ruta inayodhani imesikia rada hulazimika kuhama, na kabla ya kutumia chaneli nyingine ya kundi hilo husikiliza kwanza kwa muda wa dakika nzima. Dakika hiyo vifaa vyote vilivyo kwenye 5 GHz huona mtandao umekatika.

Kumbuka pia kwamba katika chaneli moja vifaa huzungumza kwa zamu. Kompyuta mpakato iliyo chumba cha mwisho, yenye mawimbi hafifu, hutuma polepole, na kwa hiyo hushikilia zamu yake muda mrefu kuliko wenzake. Anayeumizwa na umbali wake si yeye peke yake. Kwa sababu hiyo nashauri kompyuta za mezani, ambazo haziendi popote, zote ziunganishwe kwa waya, na Wi-Fi iachiwe vile vinavyohamahama. Kompyuta mpakato moja ikiwa ndiyo inayokatika peke yake, katika Windows andika netsh wlan show wlanreport kwenye dirisha la amri lililofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi. Itakuandalia ripoti ya kila kuunganishwa na kukatika kwa siku 3 zilizopita, pamoja na sababu. Mara nyingi utakuta kompyuta yenyewe ilizima antena yake ili kuokoa betri.

Waya nao ukaguliwe. Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, na viunganishi vya bei ya chini hushika kutu ya kijani kwenye meno yake. Waya wa alumini uliopakwa shaba kwa juu, ambao umejaa madukani, hukatika kwa ndani unapokunjwa mara kwa mara. Ningependa mtu atumie fedha zake kwa waya mzuri wa shaba tupu kabla ya kununua ruta mpya yenye antena nyingi. Na ikiwa taa zote za ruta huzimika na kuwaka zenyewe kila vifaa vinapokuwa vingi, shuku adapta yake ya umeme: adapta ya volti 12 iliyochoka hutosheleza ruta iliyotulia, lakini volti zake hushuka kazi inapoongezeka. Adapta mpya iwe na volti zilezile, na ampea zisizopungua zilizoandikwa kwenye ile ya zamani.

Wanaotumia ruta ndogo za mfukoni za laini watazame pia idadi ya vifaa vinavyoruhusiwa, kwa kuwa nyingine huishia 10, nyingine 32, na kifaa kinachofika baada ya hapo hukataliwa bila maelezo.

Kuna siku, bila shaka, ambazo kosa liko mbali kabisa na nyumba. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya kusini mwa Afrika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Siku kama hiyo dirisha la ruta lingejibu vizuri kwenye kila kompyuta, na hakuna mpangilio wowote wa ndani ambao ungesaidia.

Kwa hiyo vipimo vikionyesha kwamba kosa liko nje, hapo ndipo mahali pa kupiga simu kwa mtoa huduma, na upige ukiwa na maneno kamili: mtandao ulikatika saa ngapi hadi saa ngapi, kwamba ruta ilikuwa ikijibu muda wote huo kwenye kompyuta mbili, moja ya waya na moja ya Wi-Fi, kwamba 8.8.8.8 haikujibu kwenye zote mbili, na taa gani kwenye ruta ilikuwa nyekundu. Mhudumu atakuomba uzime ruta na kuiwasha. Kubali, lakini mwambie kwanza aandike hayo uliyomweleza, umwombe namba ya malalamiko, kisha ndipo uizime.